Mbegu Itaitwa Nicodemus

Jumatatu, 3 Juni 1957

Habari kubwa! Bwana shamba Hezekiah amefika kwenye laini za wafanyakazi. Amesema baada ya wiki mbili atarudi kuchagua maharagwe bora yawe mbegu ya shamba zima, na ya majirani mpaka kule Bahati. Mbegu itapewa jina la mwenyewe. Na sisi akina mama tunaitwa kwa majina ya watoto wetu, kwa hiyo neno limekwisha: itaitwa Nicodemus. Nani hamjui kijana wangu? Anasoma Kiingereza kama anakunywa uji.

Akoth wa mlango wa pili, Mama Obura, naye eti yake itaitwa Obura. Obura! Mtoto mzuri, sikatai, lakini juzi alikuja kanisani amevaa shati nyuma mbele. Nani atapika Obura?

Hezekiah aliendelea na habari za wadudu. Sikusikia vizuri. Nilikuwa namweleza mke wa Kosgei alama za Nicodemus za shuleni.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Chawa weusi wamejaa kwenye maharagwe yangu, wamebanana kama watu wanaongoja posho. Majani yanajikunja. Baba Nicodemus akasema nikate ncha zilizoshikwa, nizifukie, halafu ninyunyize majivu. Nikamwambia yeye ni mtu wa kukausha maua ya pareto, maharagwe aniachie mimi.

Nimechunguza mwenyewe. Darasa la tatu linatosha ukiwa na macho. Kila palipo na chawa pana mdudu mwekundu, mviringo kama kifungo cha blauzi, madoa meusi mgongoni. Anatembea katikati yao polepole, anawainamia mmoja mmoja. Nikaelewa mara moja. Ni mama yao! Mimi si ndivyo nilivyo? Alipo Nicodemus, nipo. Mwondoe mama, watoto watatawanyika.

Alhamisi, 6 Juni

Nimewaokota wale mama wekundu mpaka mkebe wa majani ya chai ukajaa. Kuwaua roho ilikataa. Mama ni mama. Basi Akoth alipokwenda mtoni, nikawamwaga wote kwenye maharagwe yake. Kazi safi!

Ila alisahau kata yake ya kuchotea maji, akarudi, akanikuta nimeinama. Akauliza, Mama Nico, umepoteza nini huku kwangu? Nikasema natafuta kuku. Akasema kuku gani, na yule wenu tulimla pamoja Pasaka, tena shingo nilikula mimi. Akacheka mpaka akashika uzio. Ana kicheko cha kuudhi.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani Akoth ameimba kwa sauti ya mtu mwenye maharagwe mazuri. Baadaye akaniambia chawa kwake wanapungua, hajui ni maombi au nini. Nikaitikia amina, shingo upande. Kwangu wameongezeka! Na wekundu wengine wamekuja, pamoja na vidudu virefu vya kijivu, kama mamba wadogo. Hao bila shaka ni mashangazi. Mkebe wa pili, wote kwa Akoth.

Jumatatu, 17 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Hezekiah amekuja. Kwa Akoth, kijani kitupu, maganda yananing'inia. Akageuza jani, akaita watu waone. Akamwuliza Mama Obura amepata wapi jeshi kubwa hivi la wadudu wekundu, maana ndio wanaokula chawa, wao na watoto wao wale wa kijivu, mchana kutwa. Akoth akasema walikuja wenyewe, yeye alishukuru tu. Watu wakapiga makofi. Mbegu inaitwa Obura.

Kwangu aliinama kwanza. Mashina meusi, yananata kama yamemwagiwa asali. Akauliza kama kuna mtu amewafukuza wekundu, kwa sababu haoni hata mmoja. Nikasema labda ni upepo. Baba Nicodemus akakohoa.

Nikaingia ndani nikalia kidogo. Nilishamwahidi kijana wangu kwamba watu watamtaja kila wakipanda. Akaniambia, mama, nyamaza, mimi sikutaka kuitwa haragwe. Unaona mtoto niliyezaa?

Lakini kuna tumaini! Hezekiah alisema mstari wa mwisho, ule niliochelewa kupanda, una maua mengi. Yakishika maganda, atachukua kwangu mbegu ya pili. Nicodemus wa pili si haba.

Jumanne, 18 Juni

Akoth ameleta bakuli la maharagwe mabichi yaliyochemshwa, na wadudu wekundu kwenye kikombe, eti tugawane. Ni mwanamke mwema, lazima niseme. Maharagwe nimekula. Wadudu nimewarudisha kwake alipoondoka. Wadogo mno.

Mimi nimepata bora! Kando ya njia nimekuta mdudu mweusi mwenye mistari myekundu mipana, mkubwa mara tano ya wale. Rangi ni zile zile, nyekundu na nyeusi, kwa hiyo kabila moja. Kama yule mdogo anakula chawa mchana kutwa, huyu je? Baba Nicodemus akasema hao aliwaona kwenye kunde za jirani yetu Kiplangat mwaka jana, hawakubakiza ua hata moja. Nikamwambia arudi kwenye pareto yake.

Nikawaokota wote waliokuwa pale, nikawamwaga mkebe mzima kwenye mstari wa mwisho. Hawakupoteza wakati. Wamepanda juu moja kwa moja, kwenye maua, na kuinamisha vichwa. Nimekaa kwenye kigoda nawatazama wanavyotafuna. Wachapa kazi kweli! Kesho asubuhi namwita Hezekiah aje aone.