Madebe ya Kasigau

Jumatatu, 13 Januari 1986
Baraza la chifu. Serikali itamjengea banda fundi mmoja wa Voi anayetengeneza vitu kwa vyuma kuukuu, na mashine ya kukunja bati juu yake. Afisa anakuja Ijumaa kukagua. Mimi nina nyundo, karai linalovuja, na wasiwasi. Jirani yangu Munyao ana mapipa hadi mlangoni. Kaniuliza kwa upole kama na mimi nitajiandikisha. Upole wa Munyao huniudhi kuliko matusi. Nikajiandikisha. Mke wangu Tryphena kasema nikilikosa hili banda, Jumatatu niende kukata mkonge kama wanaume wengine. Mgongo wangu na mkonge!

Jumanne, 14 Januari
Voi nzima hakuna hata kopo. Munyao kasomba yote. Nikadandia lori la mkaa hadi Kasigau, kwao Tryphena. Mungu si Athumani. Kando ya mashamba madebe matupu yametundikwa kwenye kamba, yananing'inia tu, hayana kazi. Sisi watu wa Bura, wakulima wa kabeji, hatuweki takataka shambani. Mama mkwe hakuwepo, kaenda matangani Rukanga. Nikaanza na shamba lake, nikamalizia kwa majirani. Madebe sitini na mawili. Mzee mmoja asiyenijua kauliza nayapeleka wapi. Nikamjibu ni mpango wa serikali. Akaenda zake.

Jumatano, 15 Januari
Nimeyaponda yote yakawa bapa, yapangike vizuri. Je, afisa akitaka nitengeneze kitu mbele yake? Nimejaribu koroboi. Tryphena kauliza hicho kiatu ni cha nani.

Alhamisi, 16 Januari
Balaa. Mama mkwe kaingia na basi la asubuhi. Ndovu walishuka Jumanne usiku. Kumbe Kasigau huwafukuza kwa kugonga madebe. Watu walitoka mbio, wakapapasa kamba, hola. Wakapiga makofi. Ndovu hawajali makofi. Ekari nzima ya mahindi yake imekwenda, na ndiyo aliyotegemea mwaka huu. Hajui nani kaiba madebe, ila anasema lazima ni mhuni wa Voi. Nikaitikia kutoka uani kwamba Voi imeharibika. Adabu ya ukwe hainiruhusu kukaa naye chumba kimoja, na leo nimeishika adabu hiyo kuliko siku zote. Nimekula uani. Chai nimenywa uani. Madebe nimeyafunika magunia. Naona haya, nayo hofu imezidi.

Ijumaa, 17 Januari
Afisa kafika saa nne. Kafunua magunia, kasifu, kauliza nimeyapata wapi. Nikasema wananchi wametoa kwa hiari. Mama mkwe, aliyesogea kuona mgeni, akaokota debe moja lenye msalaba aliouchora mwenyewe kwa msumari. Hakunitazama. Alimwambia Tryphena, watu wote wakisikia, aniulize kama mahindi nayo aliyatoa kwa hiari. Afisa akafunga faili. Banda kapewa Munyao. Kazi yake ya kwanza ni kuyakunjua madebe sitini na mawili yarudi Kasigau, na mimi nimshikie koleo. Kaniambia pole, kwa upole.

Jumapili, 19 Januari
Jana nimeyatundika madebe, moja moja, mama mkwe kaketi kwenye kigoda ananihesabia. Leo nimetubu kanisani. Nimemwapia Tryphena kwamba sitagusa tena debe la mtu, na kweli sitagusa. Mkonge kesho. Lakini si kwa muda mrefu. Munyao kanidokezea kwamba mwezi ujao afisa anarudi kutafuta fundi wa magodoro yanayojazwa nguo kuukuu. Na jana, katikati ya mtama kule Kasigau, niliona makoti, suruali, hata kofia, zimevalishwa vijiti, zinapigwa jua bure. Nimeomba magunia kwa Munyao. Kwa mama mkwe peke yake kuna makoti matatu.