Mawese kwenye Bomba la Risasi

Wenzangu wa darasa, leo aibu imenikuta nikiwa nimevaa sare na viatu nimepiga kiwi. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu, maana Kigoma hii habari haihitaji nauli.

Mnajua nalinda ghala la chakula cha wakimbizi, huku karibu na bandari. Tangu Warundi waanze kuvuka kwa wingi, unga na maharage vinashushwa hapa, na uwanjani kwetu ndipo yanapopakia mabasi ya kuwapeleka kambini. Silaha ya lindo ni moja, shotigani ya pampu. Risasi zake tano zinakaa kwenye bomba lililolala chini ya mtutu. Mchana ninayo mimi, usiku anayo Mzee Bukuru, ambaye amebakiza miezi miwili astaafu.

Sasa sikilizeni tunavyokabidhiana. Napokea bunduki, nachungulia tundu la chini, naona kitako cha risasi ya mwisho, naandika kitabuni: "Risasi tano, salama." Nasaini. Jioni Mzee naye anachungulia, anasaini. Kuzitoa hatuzitoi. Ziliingizwa humo mwaka juzi na mlinzi ambaye siku hizi analima zake Kasulu (yeye aliacha kazi kwa amani).

Leo saa mbili asubuhi ikaja simu kutoka ofisini. Mkaguzi wa silaha yuko njiani. Ambaye bunduki yake itakutwa na kasoro, avue sare hapo hapo aende nyumbani. Nyumbani kwangu Kasingirima kuna watoto watatu wa shule na mama mkwe, ambaye mpaka leo hajakubali kwamba binti yake aliolewa na mtu wa maana. Kazi hii ndiyo hoja yangu pekee.

Nikaingia kibandani niifute vumbi. Nikaminya kitufe cha kutolea risasi. Haikutoka hata moja. Nikaingiza kidole tunduni nikaigusa ile ya mwisho, ikawa imenata. Nikanusa kidole.

Mawese.

Hapo nikakumbuka. (Naombeni mnihukumu taratibu.) Oili ya silaha ilituishia kabla ya masika. Niliomba ofisini, wakaniambia nivumilie. Sasa mtu wa Ujiji unamwambiaje avumilie kwa habari ya mafuta? Kwetu mawese tunapikia maharage, tunampaka mtoto mwenye upele, tunalainishia bawaba za mlango. Nikaja na kichupa kutoka jikoni, nikamimina kwenye bomba kwa moyo mweupe kabisa. Wiki ile bunduki iling'aa mpaka Mzee Bukuru akanipongeza.

Nilichosahau ni kwamba vumbi la ghala letu ni unga wa mahindi. Na baridi ya asubuhi za kiangazi inagandisha mawese. Kwa hiyo ndani ya silaha ya kampuni nilikuwa nimesonga ugali, na risasi tano zimefukiwa humo.

Nikapata wazo. Mawese yakipigwa jua yanayeyuka. Nikailaza bunduki juu ya bati la kibanda, nikasimama pembeni nikijisifu. Dakika kama kumi hivi. Kisha akili ikanirudia: mle ndani mna baruti! Nikaishusha haraka, na gari la mkaguzi likawa linaingia getini.

Mkaguzi ni mama mfupi, mwanajeshi mstaafu, hapandishi sauti. Tukampa shikamoo yake, akaitikia huku anaangalia bunduki. Mzee Bukuru alikuwa bado yupo, ameambiwa asubiri ukaguzi. Wapakiaji wakakaa juu ya magunia kutazama. Kando ya ukuta walikuwepo wageni waliofika juzi kwa boti, wamekalia mafurushi yao wakisubiri basi.

Akanipeleka kwenye pipa la mchanga, akaniambia nielekeze mtutu humo nitoe risasi zote. Nikaminya kitufe. Nikaminya tena. Nikamwambia ina baridi kidogo. (Baridi! Kama mtoto mchanga.) Akasema basi vuta pampu. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ikaja nusu, ikakwaruza, ikakwama. Haiendi mbele, hairudi nyuma.

Sura ya afande ikabadilika.

"Usivute tena," akasema. "Kidole mbali na triga. Mtutu ubaki mchangani."

Akaeleza kwa sauti ile ile ya chini kwamba risasi iliyoharibika imebanwa katikati, na hakuna anayejua itafanya nini. Akawaambia watu wasogee mbali. Wapakiaji walipotelea wapi sijui. Lakini wale wageni, kabla hawajatafsiriwa neno, kina mama walikuwa wameshawakumbatia watoto na kuinama. Kwao wamekimbia kwa sababu ya bunduki, na mimi ninayewalindia chakula ndiye niliyewaletea nyingine mbele ya macho. Niliumia, nawaambia ukweli.

Nikasimama pale nimeishika. Jasho likaingia machoni. Kisha nikahisi kitu kinatembea mkononi. Sisimizi. Akatoka wa pili, wa tatu, wanatoka kwenye tundu la risasi kwa mstari, na kila mmoja anabeba chembe yake ya unga. (Wao walikuwa na akiba humo muda mrefu.) Wananing'ata na siwezi kutikisika. Afande akawaona. Akaanza kufungua kifuniko cha mbele cha bomba, taratibu, uzi kwa uzi.

Kifuniko kikaachia. Springi ikaruka ikagonga pipa, paa!

Mimi nilijua imelia. Sikumbuki kuiachia bunduki, bahati afande alikuwa ameishika. Ninachokumbuka ni kwamba niko uvunguni mwa lori, kofia imebaki njiani, nimeziba masikio, nasoma shahada kwa sauti.

Nikasikia mtu ananigusa bega. "Haguruka, mwana wanje."

Alikuwa bibi mmoja kati ya wale wageni. Ameinama, amenyoosha mkono, ananiambia kwa Kirundi nisimame, mwanangu.

"Nimezisikia zikilia," akasema kwa Kiswahili cha kutafuta. "Hii haikulia."

Akanivuta nikatoka. Uwanja mzima wakacheka, wapakiaji wakiwa wa kwanza. Mkimbizi anamtoa mlinzi uvunguni!

Afande akazipanga zile risasi juu ya gunia. Maganda ya plastiki yamefura na kupinda kwa kukandamizwa na springi muda wote huo, midomo imeachia, vitako vimeota kutu ya kijani. Akasema nyingine zisingelia kabisa, na nyingine ingempasukia aliyeishika. Akainusa moja, akauliza nani ameweka mawese.

 Saini ya mwisho kitabuni ilikuwa ya Mzee Bukuru, maana asubuhi hiyo nilikuwa sijasaini bado, na Mzee alikuwa anatazama viatu vyake. Miezi miwili tu imebaki, jamani.

"Ni mimi, afande. Mzee hajui kitu."

Akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye kurasa. "Kila siku umeandika salama. Hiyo salama uliiona wapi?"

 Nikaanza kufungua vifungo vya shati, nimefika cha tatu.

"Funga," akasema. "Umejitaja bila kubanwa, kwa hiyo utabaki. Ila bunduki hutaishika tena."

Akanipa filimbi. Nipo getini sasa hivi. Basi la wageni limetoka muda huu huu, yule bibi amenipungia dirishani, basi zima limecheka mpaka dereva. Nikapiga filimbi kuwaruhusu, wakacheka zaidi.

Ninyi kama mnacheka, chekeeni huko huko msinipigie simu. Hapa natakiwa nionekane mkali.