Mimi, Msemaji wa Abiria

Wenzangu, leo nimejivua nguo mbele ya watu. (Kwa mafumbo. Kanzu ninayo mwilini, ila imeloa jasho.) Nawasimulia mwenyewe kabla hamjapata habari kwa wengine, maana walionipiga picha ni wengi.

Mwajua kwamba Rukia, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa Nairobi kesho Jumapili asubuhi. Walii wake, wa kumwozesha, ni mimi. Babake hayupo, babu yake hayupo, nimebaki mimi, fundi kanzu wa Mji wa Kale, Mombasa. Ningeweza kumwagiza mtu kwa simu aniwakilishe, lakini kaka yangu alinishika mkono akiwa mgonjwa, nikamwahidi kwamba mwanawe nitamwoza mwenyewe. Basi safari hii haikuwa ya matembezi.

Tiketi nilikata mwenyewe, kwa simu. Wanangu walitaka kunisaidia. Nikawaambia mimi nilianza kukata nguo wao hawajakatwa vitovu, itanishinda tiketi?

Treni ya saa tisa alasiri. Kufika saa saba nilikuwa stesheni, ng'ambo ya Makupa, na mkoba, boksi la halua, na kanzu ya bwana harusi niliyoidarizi kwa wiki mbili. Askari wa mlangoni akaitupia jicho tiketi niliyoichapisha pale pale. "Pita, mzee." (Huyu naye ana lake la kujibu.)

Saa tisa, kimya. Saa tisa na nusu, kipaza sauti kikakohoa: "Abiria... khhh... twaomba radhi... khhh... asanteni."

Kando yangu alikuwa ameketi Mama Kadzo, muuguzi wa Kigiriama anayerudi kazini baada ya likizo.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amesema khhh."

Saa kumi tukatangaziwa tusubiri dakika thelathini. Saa kumi na nusu, dakika thelathini. Zilikuwa zilezile, hazipungui! Joto jama. Feni ilizunguka kama inayofikiria kwanza. Miguu yangu ikavimba, nikavua viatu, kisha havikuvalika tena. Saa kumi na moja wakaleta maji na biskuti. Tukapanga foleni. Biskuti zikaisha wamebaki watu wawili mbele yangu.

Hapo nikasimama. Pekupeku.

"Jamani! Kwani sisi ni mizigo? Hata mzigo pale Kilindini, meli ikichelewa, mwenyewe huambiwa!"

"Sema, mzee!" mtu akaitikia.

Nani asiyependa kuambiwa "sema, mzee"? Nikasema. Nilikuwa hoi, lakini sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya kusomea maulidi. Mama Kadzo akasimama: "Mzee Athmani ndiye atusemee!" Nikaongoza watu wasiopungua thelathini mpaka kwenye dawati la huduma.

Alikuwapo binti mmoja wa sare, kifuani ameandikwa Dama. Macho mekundu kwa uchovu. Nadhani alikuwa amesimama hapo tangu alfajiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lakini leo shikamoo haitoshi."

Watu wakacheka. (Nikanogewa. Kosa la kwanza.)

"Mwanangu," nikaanza, "mgeni akichelewa, humwambia mwenyeji wake kilichomweka. Nyinyi mwatuambia khhh. Hapa pana wachanga wamelia mpaka wamenyamaza. Pana muuguzi, wagonjwa wamngoja. Mimi nina bibi harusi! Twataka kauli moja tu: treni yaja au haiji?"

Makofi. Simu zikainuliwa, nikawa narikodiwa. Nikaweka kofia sawa.

Dama alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata neno.

"Mwasema kweli, baba. Injini iliharibika njiani, imetumwa nyingine. Treni itaingia saa kumi na mbili. Ilipasa tuwaambie mapema, tuwieni radhi. Anayetaka kurudishiwa nauli, atarudishiwa. Anayetaka kubadilisha siku, atabadilishiwa. Nitawahudumia mmoja mmoja. Tuanze na wewe. Tiketi yako tafadhali."

Nikamkabidhi kwa madaha, kama balozi atoaye hati zake. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Kisha akainama, akaninong'oneza:

"Baba, samahani. Njoo huku kando kidogo."

Nyinyi mngekwenda kando. Mtu yeyote mwenye akili angekwenda kando. Mimi nikageukia umma wangu.

"Hapana! Hapa hakuna siri! Lolote lililopo, lisemwe mbele ya watu wote!"

"Lisemwe!" wakaitikia.

Dama akashusha pumzi.

"Baba, treni yako haijachelewa. Tiketi hii ni ya kesho."

Lo!

Kisha sauti ikatoka nyuma kabisa: "Kumbe mwenzetu amewahi!" Stesheni nzima ikaangua kicheko. Wale wachanga waliokuwa wamenyamaza wakaamka wakaanza kulia upya. Mama Kadzo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hakuna aliyekumbuka kuteremsha simu.

Nilifanyaje? Kalenda ya simu ina visanduku vimepangwa saba saba, juu pana herufi za Kizungu. Safu ya kwanza S, ya mwisho S. Nikajiuliza, ipi ni Jumamosi? Nikapiga hesabu: mosi ni moja, moja ni mwanzo. Nikabonyeza ya mwanzo. Kumbe wenye simu yao huanza kuhesabu Jumapili!

Umma wangu ukatawanyika. Nikaketi juu ya mkoba. Kicheko kilinipita upesi, kwa sababu treni ya kesho alasiri itanifikisha Nairobi watu wameshakula pilau na kunawa. Nikamwona kaka yangu, na mkono wake ulivyokuwa mwepesi siku ile. Machozi yakanilenga. Nikarudi kwa Dama, safari hii kwa sauti ya chini, nikamweleza yote.

"Mabehewa yamejaa, baba," akasema. Kisha: "Ngoja hapo hapo. Usiondoke."

Nikangoja. Dereva mmoja wa malori akaja dawatini, amechoka na kungoja, akataka nauli yake arudi kwake Tudor akalale. Hajafika mlangoni, Dama akaita:

"Baba Athmani! Kiti kimepatikana. Lete hiyo tiketi nikubadilishie."

Nikaanza kumwomba radhi.

"Usijali, baba," akasema akigonga muhuri. "Tangu asubuhi wewe peke yako ndiwe uliyenitukana kwa adabu."

Treni iliingia saa kumi na mbili na robo. Sasa tumeshapita Mariakani. Kila aendaye msalani hunipungia mkono: "Msemaji, leo ni tarehe ngapi?" Nimewagawia halua nusu boksi, hawajanyamaza.

Nimepiga hesabu nyingine, na hii ni sahihi. Treni ingefika kwa wakati, ningekataliwa mlangoni mwa behewa, nikarudi nyumbani na kanzu ya watu. Rukia amenipigia sasa hivi: "Ami, nasikia treni imechelewa?"

Nimemwambia imechelewa, alhamdulillahi. Na nyinyi mkicheka, chekeni pole pole. Nataka kulala.