Waraka wa Saba: Kuhusu Doa

Idara ya Sakafu za Nje ilitangaza, kwa furaha kubwa na mihuri mitatu, kwamba kuanzia Jumatatu doa limepigwa marufuku.

Tangazo lilibandikwa getini, mapokezi, na kwenye mlango wa choo cha wageni, asije mtu akasema hakuliona. Uwanja wa mbele ya ofisi ulikuwa umetandazwa slabu mpya za rangi ya krimu, na Ijumaa Mkubwa kutoka makao makuu angekuja kuuzindua. Kilichobaki ni kujaza mianya kati ya slabu na slabu. Kwingineko kazi hiyo huachiwa fundi. Idara iliiundia kamati.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu kilichopinda alikisema kimepinda, kiwe ukuta au mtu. Alisoma Waraka wa Saba akiwa amesimama, ndoo mkononi. Kifungu cha pili: chembe yoyote ya saruji itakayoangukia slabu ifutwe papo hapo kwa kitambaa kilicholowa. Kifungu cha tano: atakayetia doa, bila kujali cheo, asikanyage tena uwanja huo wala uwanja wowote wa Idara mpaka doa litoke. Kazi za Mama Timazi, karibu zote, zilikuwa kwenye viwanja vya Idara, na wanawe watatu walikula kwa kazi hizo. Akarudia cha tano, akarudi cha pili. Vilioana kama chambo na mtego.

“Mwanangu,” alimwambia Katibu wa kamati, kijana mnyoofu aliyetembea na kalamu mbili, “hiki cha pili ndicho kitakachozaa hicho cha tano. Saruji mbichi ukiifuta kwa maji, unalinywesha jiwe. Haitoki tena.”

“Mama, kamati ilikaa siku nne.”

“Ilikaa, ndiyo. Ingeinama mara moja tu ingejua.”

Katibu akaandika: Fundi ametoa maoni.

Basi Mama Timazi akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wanawe kukunja shuka. Slabu ziwe kavu. Mchanga uchekechwe. Maji yawe kidogo, mchanganyiko ukiufinya ushikane lakini usikuloweshe kiganja. Unaushindilia kwenye mwanya kwa chuma chembamba, na chembe zinazomwagika pembeni unaziacha. Zikikauka unazifagia kwa ufagio laini, zinaondoka kama makombo mezani. Saruji ni mtoto aliyenuna, alisema. Ukimpangusa uso angali analia, unampaka makamasi mpaka masikioni.

Katibu aliyaandika yote, hata makamasi. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba Waraka umeshapigwa mihuri.

Msimamizi wa Kitambaa aliteuliwa kwa barua. Alikuwa mfagizi wa ofisi, ambaye pia alikuwa wifi yake Mama Timazi.

“Wifi, ukinigusia slabu na hilo tambara, Jumapili usije kwangu.”

“Na nikikaa bure wataniandikia barua ya pili.”

“Futa ngazi.”

Wifi akafuta ngazi. Kutoka dirishani kwa Mkurugenzi wa Idara, kufuta ni kufuta. Kwa siku tatu ngazi zilisuguliwa kama zinaolewa, na huku nyuma Mama Timazi alishindilia, akasubiri, akafagia. Uwanja ukatoka safi, mistari imenyooka, slabu hazina hata alama ya kidole.

Alhamisi saa nne asubuhi ulibaki mstari mmoja, karibu na mlango, saruji bado mbichi. Ndipo Mkurugenzi aliposhuka kukagua. Huko jikoni walimwita Bwana Waraka, maana aliwahi kutoa waraka hata wa namna ya kufunga mlango. Aliona chembe pembeni mwa mstari, akashtuka kama ameona nyoka.

“Mheshimiwa, nipe mpaka saa nane tu,” alisema Mama Timazi. “Zikikauka nafagia.”

“Waraka hausubiri saa nane, mama.”

Alimpokonya wifi kitambaa, akakichovya kwenye ndoo, akachuchumaa. Alimwagiza Katibu apige picha, iwe mfano kwa watumishi wote. Akafuta. Chembe zikageuka uji wa kijivu. Akafuta zaidi, uji ukatambaa slabu ya pili. Kufikia ya tatu alikuwa anahema. Mama Timazi aliendelea kufagia upande wa pili, kwa sababu maoni yake yalikwisha kuandikwa.

Ijumaa Mkubwa alifika, akasoma tangazo getini kwa sauti, akalisifu, hasa pale penye “bila kujali cheo”. Akatembea uwanja mzima akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka mlangoni.

“Nani amefanya hivi?”

Mkurugenzi akamnyooshea kidevu Mama Timazi. Mama Timazi aliwaza wanawe watatu.

Katibu akafungua daftari. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kumbukumbu tu. “Saa nne na dakika kumi,” alisoma, “Mheshimiwa Mkurugenzi alifuta kwa mkono wake, kama mfano. Picha imeambatishwa.”

Mkubwa aliitazama picha, akairudisha daftarini.

“Waraka mzuri,” alisema. “Ufuatwe.”

Sasa Mkurugenzi huingia ofisini kwa dirisha la jikoni. Wifi humshika mkono, baada ya kumvua viatu. Kila Jumatatu kamati hukaa na kuthibitisha kwamba doa lipo.

Wiki iliyopita Mkurugenzi alimwita Mama Timazi kupitia dirisha hilohilo, akamuuliza kwa sauti ya chini doa linatokaje.

“Halitoki, Mheshimiwa. Slabu ndiyo hung'olewa.”

“Basi ing'oe.”

“Waraka wa Nne,” akasema Katibu, aliyekuwa nyuma akinywa chai. “Hakuna slabu kung'olewa mpaka Mkurugenzi asimame juu yake na kutia saini.”

Mama Timazi akawaaga wote kwa heshima, akachukua ndoo yake, akakata katikati ya uwanja, polepole, maana yeye aliruhusiwa.