Zabibu za Dodoma, Mabibo ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba
Erasmo kalia usiku kucha, jino linataka kutoka. Nimeazimia: mama yangu atamwona mjukuu wake kabla hajawa na meno kamili. Mama yuko Mtama, miguu yake haipandi basi tena. Mume wangu Klementi yuko Songo Songo kazini, na mama mkwe, ninayeishi naye hapa Kilwa Masoko, hapendi mtoto asafirishwe ovyo. Kumwomba? Hata! Hapa inatakiwa akili.

Akili imekuja jioni. Wanawake wa jumuiya ya kanisani tunapanga safari ya mwaka. Fortunata, mwenyekiti, anataka Dodoma, tukaone zabibu na mvinyo. Zabibu! Mama yangu ana mikorosho, anakamua uraka, mvinyo wetu wa mabibo, na msimu ndio huu.

Jumatano, 8 Oktoba
Kikao. Nimesimama, mtoto mgongoni, nikasema Dodoma kila mtu anaijua, mvinyo wa mabibo nani kaenda kuutazama? Fortunata akauliza tangu lini pombe ya kilabuni ikaitwa mvinyo. Nikamjibu, dada, na zabibu zikichacha zinakuwa nini, maji ya baraka? Wamecheka. Mtama imepita. Mama mkwe kasema safari ya kanisa haikatazwi. Ushindi!

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempigia mama. Nimemwagiza awapokee wageni kwa chai ya maziwa, maziwa mengi, Fortunata asije kusema kwetu ni makapuku. Mama akauliza mara mbili, maziwa, una hakika? Nikamwambia wageni wangu nawajua mwenyewe.

Jumamosi, 11 Oktoba
Aibu. Tumefika kwa mama, chai imenyweka, vikombe vimerudiwa. Ndipo mama akaleta ndoo ya uraka na sinia la mabibo mekundu. Fortunata akaweka kikombe chini taratibu. "Mama Erasmo, maziwa na mabibo? Umetuleta utuzike?"

Nani asiyejua kwamba bibo juu ya maziwa ni kifo? Mimi nimeambiwa tangu sijaota meno. Nimesahau! Usingizi ndio umenimaliza. Hakuna aliyegusa.

Isipokuwa Modesti, dereva. Maziwa humsokota tumbo, chai hakunywa. Uraka kaunywa kwa niaba ya jumuiya nzima. Kaimba. Kisha kalala, na haamshiki. Basi tunalala hapahapa, kwenye mikeka. Fortunata kajifunika kanga yangu huku kaninunia. Erasmo yuko kifuani kwa bibi yake, na bibi hataki kumlaza chini.

Jumapili, 12 Oktoba
Jino limetoka. Bibi ndiye aliyeligundua, kwa kidole. Akalia. Mimi nikajifanya nafunga mbeleko.

Tumerudi salama. Fortunata katangaza ndani ya basi: mwakani Dodoma, na asiulizwe mtu. Nyumbani nimemweleza mama mkwe yote, hata sababu. Akanitazama sana. Akasema, "Mwanangu, ungesema tu. Ningekusindikiza mwenyewe. Hata mimi nina hamu na mkwe mwenzangu."

Kusema tu! Nimelifikiria jambo hilo wakati nafua nepi. Nimeliacha. Krismasi kuna mashindano ya kwaya, na bado wanatafuta mahali. Mtama kuna kanisa zuri. Kesho naenda kumlainisha mwalimu wa kwaya. Nitambebea mabibo aliyonifungashia mama. Na ili asione zawadi ni ndogo, nimeshanunua na mtindi.