Mkahawa Uliofungwa Krismasi

Jumatatu, 5 Februari 1968

Mvua tangu alfajiri. Bati limevuja pale pale, juu ya benchi la Baba. Wazee wakabanana upande mmoja kama kuku. Mzee Lugembe akaniomba sufuria. Si ya chakula, ya kuvaa kichwani! Wakacheka mpaka wakakohoa. Mimi sikucheka. Benchi lile la mninga Baba alilichonga mwenyewe, na nilipokuwa mdogo walilikalia watu waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi pwani. Nilikuwa nikilala chini yake, nikiwasikiliza wakitaja vituo vya njiani kimoja baada ya kingine, polepole, kama watu wanaovuta tasbihi.

Shangazi Mwanne, mwenye nyumba, alikuja akakaa ndani na mwavuli wazi. Amesema bati lisipobadilishwa kabla ya Iddi ya Kuchinja, mkahawa atampangisha Tobias wa ng'ambo ya barabara. Tobias! Muuza supu! Nikamwambia Baba angelia. Akajibu, "Baba yako alikuwa kaka yangu, mwanangu. Kulia alilia sana. Bati hakubadilisha."

Mpango: kukopa benki. Tangu mwaka jana benki ni mali ya umma. Mimi ni umma. Kwa hiyo nakwenda kuchukua changu.

Jumatano, 7 Februari

Benki. Nilivaa koti la Baba juu ya kanzu. Ofisa wa mikopo ni kijana, Ndugu Mfaume, mzaliwa wa Ujiji. Nikafurahi: mtu wa njia ile ile! Nikamsimulia jinsi babu yangu alivyokopeshwa mizigo ya vitambaa na shanga na Waarabu wa Kwihara kwa neno tu. Akaenda, akauza, akarudi, akalipa. Karatasi hata moja haikuwapo.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniomba hesabu za mkahawa za mwaka uliopita. Kilichoingia na kilichotoka.

Nikamuuliza kama haniamini. Akasema aliyemkopesha babu alimjua babu, na baba wa babu, na kisima walichochota maji. Benki haimjui mtu kwa namna hiyo. Tena fedha si zake yeye. Ni akiba ya walimu, ya wauguzi, ya wakulima wa tumbaku wa Ipole. Wakija kuuliza zimekwenda wapi, awaonyeshe nini? Koti?

Kijana hana haya. Lakini amenipa wiki moja, na amesahau jambo. Hesabu ni maandishi, na hati yangu haina mfano mtaa mzima wa Gongoni. Sekondari hatukwenda kucheza.

Ijumaa, 9 Februari

Tatizo dogo. Sijui mkahawa unaingiza kiasi gani. Fedha hukaa kwenye kopo la kahawa. Likiwa zito, nafurahi. Likiwa jepesi, sitazami. Isitoshe, aliyemjua Baba hatozwi. Ni desturi ya nyumba. Na Tabora nzima ilimjua Baba, hata waliozaliwa baada ya kuzikwa kwake.

Tobias, yeye, anaandika. Kila jioni namwona mlangoni pake na kauntabuku, penseli sikioni. Katekista Raymundi wa kanisani kwao ndiye aliyemfundisha. Nikavuka barabara na hila niliyoitengeneza tangu asubuhi: nina mpwa, anajifunza hesabu, anahitaji mfano. Hata sikufika kwa mpwa. Akasema, "Chukua tu, jirani. Unirudishie Jumatatu." Akaniongezea na bakuli la supu.

Mtu mwerevu huficha. Huyu hafichi chochote. Ni mwerevu wa kutisha.

Supu ilikuwa nzuri. Naandika hapa tu.

Jumapili, 11 Februari

Kazi imekwisha! Nimenakili mwaka mzima wa 1967, siku kwa siku, na kila kiasi nimekizidisha mara mbili kwa kuwa mkahawa wetu ni wa zamani zaidi. Palipoandikwa supu nimeandika chai na maandazi. Nimetumia wino wa buluu, kisha mweusi, kisha penseli, ionekane ni kazi ya miezi. Mwisho nikapaka kurasa chai kwa kitambaa, zipate uzee. Chai yetu wenyewe, ya tangawizi na asali. Jua likatoka kidogo, nikazianika.

Mke wangu Swaumu aliuliza kwa nini nakipikia kitabu. Nikamwambia ni mambo ya benki. Akasema muda ule ningeandika tulichouza leo. Swaumu hajui mikopo.

Harufu ya zile kurasa ilinirudisha mbali. Baba akimimina kutoka birika la shaba, mkono juu kabisa, uzi wa chai ukishuka bila kukatika, na wazee wakinyamaza kumtazama. Nimejaribu leo. Nimeunguza goti.

Jumatano, 14 Februari

Benki. Siku mbaya.

Kwanza asali. Ndugu Mfaume alipofungua kitabu, sisimizi walitoka katikati ya Machi, wakavuka Aprili, wakampanda mkono. Akawapangusa kimya kimya. Akasifu hati. Akafunua, akafunua, akafika Desemba. Akasimama hapo.

"Ndugu Shaban," akasema taratibu, "Ramadhani nzima uliuza chai na maandazi saa nne za asubuhi?"

Nikatazama dari. Lao halivuji.

"Na Krismasi ukafunga?"

Karani wa dirishani alijifanya anakohoa. Nikasema mkahawa wetu unaheshimu dini zote. Akasema hilo ameliona, maana na Jumapili zote nimefunga, ila Ijumaa sikufunga hata saa ya sala.

Nilitamani anifukuze. Hakunifukuza. Alisema Ramadhani iliyopita alifuturu kwangu. Kila magharibi alisimama kwenye foleni ya uji wa pilipili manga, na foleni ilifika barabarani. Foleni ile iko wapi kitabuni? Jioni hakuna hata senti! Akasema hesabu haziombwi ili mtu ashikwe uongo. Benki inataka kuona fedha za mtu huja lini na hukauka lini, ili marejesho yawekwe pale zinapokuja, asinyongwe pale zinapokauka. Na mwenye biashara naye ajue kama anauza au anatoa sadaka. Jioni zile zingeandikwa kama zilivyokuwa, leo tungekuwa tunazungumzia bati.

Nilirudi kwa miguu kwenye mvua. Uji ule ni wa Mama. Alikuwa akikoroga mchana kutwa na kufunga amefunga, hauonji, anaunusa tu. Foleni nimeizoea tangu utotoni. Nani huandika kitu alichozaliwa akakikuta?

Ijumaa, 16 Februari

Habari imetangulia. Baada ya sala wazee walikaa bila kuagiza kitu. Nani alikunywa chai mchana wa Ramadhani? Mzee Lugembe anamtazama Mzee Masolwa. Mzee Masolwa anasema yeye tumbo lilimsumbua siku moja tu, tena alikuwa kwake. Nikaapa kwamba hakuna aliyekunywa, niliandika tu.

Lugembe akafikiri. "Kama hatukunywa, mbona umeandika tumelipa? Hata tukinywa hatulipi!"

Wakacheka wote, akiwemo Shangazi Mwanne aliyekuwa mlangoni. Kisha akaacha kucheka, akatoa hukumu. Tobias atapanga nusu ya chumba, upande usiovuja, na kwa kodi atakayotanguliza litanunuliwa bati. Nusu yenye benchi nibaki nayo, lakini kila Ijumaa nimsomee hesabu za kweli. Mwishoni mwa Mei kitabu kiende kwa Ndugu Mfaume. Akikikubali, nabaki na nitakopeshwa vyombo vipya. Akikikataa, chumba chote ni cha Tobias, na benchi litahamia uani kwa kuku.

Tobias akaniletea kauntabuku jipya, zawadi. "Kila jioni kidogo tu, jirani." Sijui ana lengo gani.

Jumatatu, 19 Februari

Bati limepigwa! Mvua ya kwanza juu yake ilikuwa na sauti ile ile ya utotoni, na benchi likakaa kavu. Mzee Lugembe alilala palepale. Niliketi sakafuni karibu yake kitambo kirefu, bila sababu.

Jioni nikaandika kweli tupu. Waliolipa: wachache. Waliomjua Baba: wengi sana. Kitabu cha huzuni.

Jumatano, 21 Februari

Siku mbili nimeandika. Kazi inachosha, na siku zinafanana. Nimepata njia bora.

Leo mchana, mvua ikinyesha, nimekijaza kitabu mpaka tarehe ya mwisho ya Mei. Makosa yote nimeyaepuka. Hakuna asali. Ijumaa saa ya sala nimefunga. Krismasi haimo kabisa. Na kila jioni nimeweka foleni mpaka barabarani, kama alivyotaka mwenyewe. Nani atasema sikujifunza?

Swaumu alichungulia, akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikaendelea na Mei.

Kwa mujibu wa kitabu, kesho Alhamisi wateja watajaa na wote watalipa. Nimefurahi mno. Leo nimewanywesha wazee wote bure.