Sista Pauline Ahamishwe kwa Kuharibu Boma Langu

Gisiri Omanga,
Mlimani, karibu na soko la Kegonga.

Kwa Bwana Afisa unayesimamia dispensari za huku kwetu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamesimama, na afya zetu ni nzuri kupita kiasi. Hiyo afya ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mkulima. Nina mke mmoja, Nyasuguta, mama wa mtoto wangu Robi, na ninakaa boma moja na mama yangu mzazi, Nyatichi. Ninaomba kwa heshima zote kwamba Sista Pauline Achieng, muuguzi wa pekee wa dispensari yetu, arudishwe kwao, kisiwa cha Rusinga. Sina ubaya naye. Ni mtu mpole, anasalimia hata mbwa. Lakini boma haliwezi kuwa na wenyewe wawili, na siku hizi naogopa kwamba wa pili ni mimi. Nitayataja makosa yake moja baada ya jingine, usije ukadhani ninamwonea.

1. Alinitia katika mimba. Nyasuguta alirudi kutoka kliniki na ujumbe kwamba safari ijayo aje na mumewe. Nilidhani dispensari ina mti wa kukatwa, nikaenda na panga. Sista akaniambia, "Baba Robi, panga wacha nje, wewe kaa hapa karibu na mama." Nikaketi kwenye benchi katikati ya wanawake wenye matumbo, nikitazamwa kama fahali aliyeingia kanisani. Akanitoboa kidole, akanipima damu, mimi nisiye na mimba. Kisha akaniuliza dalili za hatari kwa mjamzito. Nikamjibu kwamba hatari ni mke wangu akinyamaza. Benchi zima likacheka. Bwana Afisa, kwa baba yake Nyasuguta nilipeleka ng'ombe wazuri, na siku ile hakuna mzee aliyesema kwamba baadaye nitafanyiwa mtihani.

2. Alininyang'anya neti. Serikali ilitupatia neti ya mbu, nami kwa hekima nikaitandaza juu ya vifaranga, na mwewe hakuchukua hata kimoja. Huo ni mradi wa serikali uliofaulu, na ungestahili picha gazetini. Sista alipopita kutembelea maboma aliitazama neti, akawatazama kuku, akaniuliza mbele ya mama yangu, "Hawa nao wako na mimba?" Neti ikarudi kitandani. Mwewe sasa amenenepa.

3. Mayai. Wazee wetu walipanga kwamba mjamzito asile mayai, na kwa kuwa walikuwa watu wenye huruma, waliyala wao. Sista akasema mama ale yai, ale na maini. Basi ninaketi kungoja chakula, naona bakuli likinipita puani likielekea kwa Nyasuguta.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Alimchukua mama yangu. Nyatichi amepokea watoto wa mlima huu tangu kabla barabara haijafika, na mimi nilimtegemea yeye amfukuze huyu mtu wa kisiwani. Sista alimwita, akampa chai, akamwambia, "Mama, wewe wanakuamini, mimi bado wananiogopa. Tufanye hii kazi pamoja." Sasa mama yangu ana fulana yenye maandishi na kiti chake mwenyewe pale dispensari. Anawapitia wajawazito nyumba kwa nyumba na kuwapeleka huko, akiwa mbele. Nilipomuuliza, "Mama, na mila yetu je?" alinijibu, "Mila sijaitupa. Nimeibeba, nimeenda nayo." Hilo ni jibu la kumpa kifungua mimba wako?

5. Siku yenyewe. Nilikuwa nimepeleka fahali soko la Kegonga, na niliacha amri wazi kwamba mtu asitoke bomani mpaka nirudi. Uchungu ulianza nikiwa sokoni. Mke wangu na mama yangu, mmoja akiwa ameshika kiuno na mwingine ameshika fimbo, hawakuona haja ya kunisubiri. Niliporudi mchana, bila kupata mnunuzi, nilikuta meko yamezima na mbwa amebaki mlinzi. Nikaenda dispensari kumrudisha mke wangu. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njiani, makali na yenye adabu.

Sikuyatumia. Mtoto alikuwa amezaliwa, yuko ndani ya kitenge kifuani mwa mama yangu. Lakini Nyasuguta alikuwa akivuja damu, na uso wake umekuwa kama majivu. Sista alikuwa akimkanda tumbo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika simu akiomba ambulansi. Aliambiwa ambulansi ipo, ila haina mafuta. Ninaipongeza sana ambulansi hiyo. Tangu iletwe haijapata ajali.

Mama yangu alikwenda akasimama katikati ya barabara na mjukuu wake kifuani, mpaka pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi ikasimama. Tukamlaza Nyasuguta juu ya magunia. Chuma cha kutundikia dripu hakikuenea, kwa hiyo Sista akaniwekea chupa mkononi. "Baba Robi, inua juu. Hata ukichoka, usishushe." Je, hivyo ndivyo anavyoambiwa mume wa mtu mbele ya mama yake? Niliinua mpaka hospitali kubwa. Ile barabara unaijua, na kama huijui, karibu uje uipite na gari lako. Sista alikuwa amepiga magoti kwenye magunia, akikanda, akimwita mke wangu kwa jina kila mara asije akalala. Kwenye mteremko mmoja Nyasuguta alifungua macho, akaniona nimesimama na mkono juu, akaniuliza, "Fahali ameuzwa?" Nikasema bado. Macho yangu yalikuwa yakitoa maji, kwa sababu ya vumbi la mahindi.

Hospitalini aliongezwa damu ya watu tusiowajua, akalazwa, akarudi nyumbani anatembea kwa miguu yake. Mkono wangu uliniuma wiki nzima, na hakuna aliyeuliza habari zake.

6. Jina langu limeharibika. Sasa ninaitwa Baba Dripu. Wanaume wananivuta kando sokoni na kuninong'oneza, "Mama watoto amevimba miguu na kichwa kinamgonga, hiyo ni kawaida?" Nami, badala ya kuongea habari za ng'ombe kama mtu mzima, najisikia nikisema, "Mpeleke leo, usingoje kesho." Jirani yangu Motari ameambukizwa. Ameonekana mchana kweupe amembeba mtoto akimpeleka chanjo, na hakuna aliyemlazimisha.

Tazama sasa tunakoelekea. Watoto wanachanjwa, wanapimwa uzito, wanakataa kufa. Mashamba tutayagawaje? Darasa la kwanza wanabanana kwenye madawati. Hata fundi Stanley, aliyekuwa na kazi nzuri ya kutengeneza yale majeneza madogo, amebaki na stuli na makabati. Mimi niliwahi kuwa mteja wake, baada ya Robi na kabla ya huyu mdogo. Hakutaka nimlipe. Kazi ya mtu mwema kama huyo ikifa, nani atawajibika?

Kwa sababu hizo zote, ninaomba Sista Pauline apelekwe Rusinga upesi. Huko kuna samaki na upepo mzuri, na pengine wanaume wa kisiwani wana subira kuliko sisi. Sisi tuachwe tuendelee kufa kwa utaratibu wetu.

Nisalimie mama watoto wako, makarani wa ofisi, na dereva wa ambulansi, ambaye bila shaka amepumzika vya kutosha. Mama yangu naye anakusalimu, ingawa hajui ninaandika nini.

Ni mimi, mwenye boma kwa sasa,
Gisiri Omanga

Nyongeza: Nilikuwa sijaikunja barua hii aliponijia mdogo wangu Ken mbio. Mkewe Liz, mwenye mimba ya kwanza, chupa ya uzazi imepasuka, na Ken anataka kujua kama inafaa kuwangoja wazee waje wakae kikao. Nimemwambia asimngoje mtu. Mama amekwisha kutangulia na Liz dispensari, na mimi nakwenda barabarani kutafuta gari la kukaa tayari. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo naituma hii jinsi ilivyo, ila ruka kutoka namba moja mpaka namba sita. Sista asihamishwe. Mkituma gari kumchukua litatukuta tumelala barabarani, na wa kwanza nitakuwa mimi. Mleteeni mwenzake wa kusaidiana naye. Juzi nilimkuta amesinzia akiwa amesimama, kiganja chake kimebaki juu ya tumbo la mama wa watu. Alipozinduka akaomba msamaha, na aliyeombwa ni mimi, mwenye barua hii.